Ganda la Chungwa

Sfax, wiki ya pili baada ya Idi

Kwako Kamar,

Pokea salamu zangu kabla ya kitu kingine chochote, na kabla hujajiuliza ni nani siku hizi anayeandika barua ya karatasi. Natumaini goti la kushoto linakuruhusu kupanda ngazi, na ile mashine ya baridi ya chumbani imeacha kunguruma. Mimi ni mzima. Mgongo wangu unalalamika nikisimama darasani, mimi nalalamika nikikaa, kwa hiyo tumeelewana. Mama haoni vizuri kwa jicho moja, lakini wapita njia wote chini ya dirisha anawaona na kuwataja kwa majina, pamoja na makosa yao. Anakusalimu sana na anauliza kama huko Muscat mnapata shayiri ya maana.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu imenishinda. Kwenye simu mtu husema, akafuta, kisha akakana. Karatasi haina ujanja huo. Nikikata neno hapa utaliona nililolikata, na mwisho wa barua utajua kwa nini nataka ulione.

Nianze na mfungo. Kwa miaka kumi na moja, kila asubuhi kabla kahawa haijapoa, sisi watatu tumekuwa tukipeana makombo: wewe ukiwa Muscat, Hajer Liège, mimi hapa hapa tulipozaliwa. Hatupeani habari wala matatizo, wala siasa, na hilo la siasa mliliweka kwa ajili yangu. Ni kombo tu, kitu kilichodondoka kichwani na hakina kazi. Kwa nini Wabelgiji hufuta madirisha mvua ikinyesha. Kwa nini muuza samaki huwaita wateja wote dada isipokuwa mimi, ambaye huniita mwalimu na kunipimia kwa hofu. Na Hajer mwenyewe ndiye aliyetunga kanuni kwamba kombo ni la watu watatu, asipewe mmoja kwa siri ya mwenzake.

Basi wiki ya mwisho ya mfungo, asubuhi, kikaingia kisauti cha Hajer kwenye kikundi chetu cha simu. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Akasema, Kamar wee, huyo jirani yako wa ndimu ataniua, nimecheka ndani ya basi watu wakahama viti. Nikakisikiliza mara mbili. Mara ya tatu kilikuwa kimefutwa.

Nikauliza, ndimu gani? Hajer akajibu kuwa amekosea, lilikuwa jambo la zamani. Wewe ukaweka picha ya uso unaocheka, ukaenda zako.

Kamar, nimefundisha historia miaka ishirini na saba. Najua waraka uliochomwa unanukaje. Nikarudi nyuma kwenye simu, siku baada ya siku, nikasoma makombo yako ya mwaka mzima. Ulituandikia: leo joto. Kesho yake: leo pia joto. Siku moja ulituandikia kuwa joto limepungua, nikaona umejitahidi. Mwanamke aliyekuwa akitueleza kwa dakika sita jinsi lifti ya nyumba yake inavyohema kama shangazi yangu, sasa amekuwa mtabiri wa hali ya hewa. Na Hajer anacheka ndani ya basi.

Sitajifanya mkubwa wa roho. Niliona wivu, na naendelea kuuona ninapoandika. Watu huuheshimu wivu wa mume. Wanautungia nyimbo, mahakama zinaupunguzia adhabu, ingawa mara nyingi ni wivu wa mtu anayelinda mali. Wivu wa rafiki hauna hata jina. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu akisema amemwonea wivu rafiki yake kwa sababu ya ndimu, anaambiwa akapime presha. Mimi nasema huo ndio wivu wenye haki, maana rafiki hukufungwa naye kwa cheti wala kwa damu. Alikuchagua, na akikupunguza, amekupunguza kwa hiari yake. Ningeweza kulitetea hilo mbele ya yeyote. Nilikuwa tayari nimeanza kuliandaa kwa kipindi changu cha Alhamisi redioni.

Badala yake, Idi ilipopita, nikaenda kwa Bi Mannubia, mama yake Hajer, nikiwa na chupa ya mafuta ya zeituni kama mtu asiye na shida. Alikuwa anamenya maharagwe ya baklia jikoni. Nikamzungusha, nikamuulizia Liège, nikamuulizia baridi, kisha nikaitumbukiza ndimu. Akaacha kumenya. Akaniuliza, ina maana wewe hujaambiwa, na masikio yote hayo uliyonayo? Halafu, kwa kuwa hajui kunyima, akanieleza: una jirani ambaye kila Ijumaa huhesabu ndimu za mti wake kwa sauti, na wewe kila Alhamisi huchuma moja kupitia ukutani ili apoteze hesabu aanze upya. Bi Mannubia alicheka mpaka akajifuta macho kwa ukanda wa aproni. Nami nilicheka. Nilicheka, Kamar, na kifua kinaungua, kwa sababu lilikuwa kombo bora la miaka kumi na moja, na lilinifikia kama nguo ya mtumba.

Nikamwambia kwa ukali kuwa binti yake ameninyang'anya rafiki. Bi Mannubia akaniambia nikae. Akasema, mwanangu Radhia, hakuna aliyenyang'anywa, wewe ndiye uliyemwaga. Tangu ile Alhamisi yako ya mwaka jana Kamar anaogopa kukuambia hata rangi ya pazia lake. Akaongeza kuwa Idi hii samaki wa chumvi wa mama mkwe wako hakwenda Muscat.

Nilijua ni Alhamisi gani. Mwaka jana baada ya Idi ulituletea kombo la mlango. Ulipika sharmula yako ya Idi asubuhi, mchuzi wa vitunguu na zabibu, na ukasikia Watunisia wenzako wa Muscat wakipanda ngazi kuja kukupa mkono wa Idi. Ukavua kandambili, ukasimama nyuma ya mlango na kijiko mkononi, ukashika pumzi mpaka wakachoka kubisha. Kisha ukala peke yako, ukasema hiyo ndiyo Idi ya kwanza uliyofurahi tangu mumeo Naufal afariki. Ulisema ukicheka. Ukatuomba tusikutafutie maana.

Nikakutafutia maana. Nililipeleka redioni, nikalifanya hoja: kwamba tunamzuia mjane kuhuzunika akitaka, kisha tunamzuia kufurahi akiweza, na kwamba kubisha hodi kwetu mara nyingine ni doria. Hoja ilikuwa nzuri. Hata leo naiamini neno kwa neno. Watu walipiga simu, wengine kunitukana, wengine kulia. Nilificha jina lako, nikaficha kazi yako, nikaibadilisha Muscat kuwa mji wa baridi. Lakini nilisema mwanamke yule anasaga zabibu badala ya kuziacha nzima, na anatia ganda la chungwa lililokaushwa.

Katika mji huu, Kamar. Mji ambao kila nyumba ina sharmula yake, na mama anaweza kuonja kijiko kimoja arusini akasema bibi wa mpishi alizaliwa mtaa gani. Ningetaja namba yako ya pasipoti ingekuwa siri zaidi. Bi Mannubia alikuwapo siku hiyo kwa mama mkwe wako, Bi Salluha. Anasema Bi Salluha alisimama, akazima redio, akasema, zabibu za kusaga na ganda la chungwa ni za nyumba hii, na nje ya nyumba hii nimemfundisha mtu mmoja tu. Kisha akasema, kumbe anafurahi.

Mwanamke yule, tangu mwanawe afe, amekutumia samaki wa chumvi kila Idi kwa mkono wa msafiri, ukapata kula sharmula kama inavyoliwa. Hilo ndilo lililokuwa limebaki kati yako na nyumba ya Naufal. Mwaka huu ulikula sharmula na mkate mtupu, ukatuandikia kuwa leo joto. Hukunishitaki kwa neno lolote. Ulinipunguza tu.

Sasa nifike kwenye nililotaka kukwepa. Bi Mannubia anadhani niliteleza. Hajer naye bila shaka anadhani hivyo, kwamba Radhia akishika hoja hawezi kuona kingine. Ningeweza kuwaacha waamini, maana ni sifa inayokaribia kuwa ya heshima. Lakini wiki ile ya redio wewe ulikuwa Liège, kwa Hajer. Siku kumi. Siku ya kwanza mlinipigia mkiwa pamoja, siku ya pili mkanitumia picha mnakula chipsi kutoka kwenye karatasi, mmevaa skafu za rangi moja. Kuanzia siku ya tatu, kimya. Nilikuwa naishika simu darasani, mimi ninayewanyang'anya wanafunzi simu zao.

Alhamisi nikaingia studio na karatasi yangu. Nyumbani nilikuwa nimeisoma tena na nikaona ganda la chungwa. Nililiona, Kamar. Nikalikata kwa kalamu, mistari miwili, kwa sababu nilijua hasa nani atalisikia. Na nilipofika pale, mbele ya kipaza sauti, macho yakiwa juu ya neno lililokatwa, nikalisoma. Nilitaka kitu kikuume. Nilitaka uache kucheka huko kwa Hajer, japo kwa siku moja, unipigie hata kwa kunigombeza. Hukupiga. Karatasi ile nimeiambatisha hapa. Mistari miwili utaiona.

Jumanne nilikwenda kwa Bi Salluha kumwambia yote haya. Nilibisha. Ndani redio ikazimwa. Nikasikia kandambili zikija mpaka karibu na mlango, zikasimama. Kisha nikasikia kandambili moja ikivuliwa polepole, halafu ya pili. Tulisimama hivyo, mimi upande huu na yeye upande ule, mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Nilimwambia mlango kwamba kosa ni langu, kwamba wewe ulisema utani kwa watu wawili na mmoja wao akauuza. Nikaondoka. Nitarudi Jumanne ijayo na ile itakayofuata.

Samaki haji na barua hii. Ningeweza kumnunua sokoni, lakini siye wa nyumba ile, na tayari nimeshika vitu vingi visivyo vyangu. Redioni nimeomba ruhusa ya kupumzika. Sijui kwa muda gani, unanijua.

Sikuombi unirudishie ndimu. Nina kombo moja tu, na nimelishika tangu Jumanne bila kumwambia hata Mama. Nalo ni hili: Bi Salluha akijificha asionwe na wageni huvua kandambili kama wewe, na kwenye upenyo wa chini ya mlango ilitoka harufu ya ganda la chungwa. Kama alikuwa na kijiko mkononi, sikuona.

Halina hoja. Nimelitafutia, limekataa. Nimevunja kanuni na kukupa wewe peke yako. Ukitaka, mpe Hajer. Sitauliza alicheka vipi.

Nisalimie lifti, na goti ulifunge kitambaa hata kama huko ni joto. Mama anasema Mungu akupe afya na usingizi. Hajer nisalimie pia, mkizungumza. Najua mnazungumza.

Wako tangu lile benchi la mbele la shule,
Radhia