Saa Nane Isiyo na Mchana

Mdogo wangu Atupele,

Paa la wodi ya wazazi limekaa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Kenchi zote za chuma, zile mbavu za kubeba mabati, ziko juu, zimefungwa, na mafundi wa mabati wameanza kazi upande wa barabarani. Hakuna aliyeumia.

Ningeandika haya gazetini, lakini haiwezekani. Jambo ambalo halikutokea si habari. Nimeripoti majengo yaliyoanguka na malori yaliyopinduka mlimani Kitonga, na sijawahi kumpelekea mhariri taarifa kwamba mchana mmoja, hospitalini Iringa, watu walipita na chakula na hawakuangukiwa na kitu. Angenipigia simu kuuliza kama naumwa. Basi nakuandikia wewe, ambaye usingehitaji kuelezwa kwa nini ni habari.

Kazi yako niliielewa siku ya kabati la Mama, pale Uyole. Ulikuwa umepima chumba, umepima kabati, vimekubaliana. Lakini sisi wengine tuliingiza friji kwanza, tukaiacha koridoni, na kabati likakwama mlangoni, Mama kwa ndani, sisi kwa nje. Mama akasema neno la Kinyakyusa ambalo sitaliandika. Wewe ukaegemea kabati ukicheka: "Dada, chumbani linaenea. Njiani ndiko linakogombana na friji." Ukaniambia kazi yako ni hiyohiyo, ila pa kabati weka kenchi, pa friji weka lori la zege.

Programu yako ililijenga jengo kwenye kompyuta kabla halijajengwa, tena ilijua saa. Kila mashine uliiambia itakuwa wapi, itapita wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, halafu ukaiendesha siku nzima mbele ya macho. Vitu viwili vikitaka nafasi moja kwa wakati mmoja, skrini inawaka nyekundu. Chengula, msimamizi wa saiti, akakubatiza Mhandisi wa Katuni. Kila ukifungua kompyuta: "Haya, Mhandisi wa Katuni, leo unatuonyesha sehemu ya ngapi?"

Alicheka zaidi ulipowachora ndugu wa wagonjwa. Wodi mpya inajengwa ndani ya hospitali inayofanya kazi, na njia ya kutoka getini kwenda wodi ya zamani inapita kando ya ukuta wake. Uliwachora wote kama boksi moja la njano, linalotembea njia ile kila ufikapo muda wa kuona wagonjwa. Chengula akauliza, "Hata wali na maharage umeweka?" Ukamjibu, "Nimeweka, Kaka. Na uji wa mzazi nimeweka."

Na kulikuwa na lile jambo lako jingine, la kusoma ratiba. Siku moja kabla ya kunyanyua kitu kizito, ulikuwa ukiwakusanya wote wanaohusika, na kila mmoja alitakiwa kusema kwa mdomo wake: napita wapi, saa ngapi, asubuhi au mchana. Ulisema kompyuta haiwezi kumuuliza mtu, "Una uhakika?" Safari moja yule fundi wa kuchomelea akasimama kama yuko kanisani: "Somo la leo linatoka katika Kitabu cha Ratiba." Wakatoliki wote wakaitikia, "Tumshukuru Mungu." Walutheri wakawacheka. Wewe uliwaacha wamalize, kisha ukasema, "Haya, wa kwanza nani?" Nilikuwepo siku ile, nimesimama pembeni na helmeti ya kuazima. Sikukuandika gazetini kwa sababu wewe ni ndugu yangu na hiyo ndiyo kanuni yangu. Bado naiona ni kanuni nzuri.

Kisha ukaugua, ukatutoka. Juu ya wodi ile ya Mbeya sitaandika kitu. Tulikuwepo, unajua.

Nafasi yako alipewa Faraja, yule mhandisi uliyekuwa ukikaa naye meza moja. Modeli yako, lile jengo la kwenye kompyuta, hakuibadilisha jina. Lakini kusoma ratiba kulisimama. Chengula alisema muda unapotea, kompyuta ipo, Atu mwenyewe alisema inaona kila kitu. Faraja aliniambia kwenye simu, "Dada Tusekile, peke yangu siwawezi hawa." Nikamwambia mimi ni mwandishi, sina amri kwenye saiti ya mtu. Nilikuwa sahihi, na sikupenda jinsi nilivyokuwa sahihi.

Ikaja zamu ya kenchi. Ndizo nzito kuliko vyote, na kreni ilikuwa inatoka Mbeya. Nilipata ruhusa ya kwenda kwa ajili ya makala ya ujenzi wa hospitali, nikafika siku moja kabla. Faraja alinionyesha skrini. Siku ya kesho ilikuwa ya kijani kuanzia asubuhi hadi jioni. Mkono wa kreni unazunguka, kenchi zinapanda, njia iko tupu. Chengula akapita nyuma yetu: "Si mnaona? Safi. Watu waende nyumbani."

Faraja aliiangalia skrini mara moja tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejilazimisha, "Hapana, Kaka. Kesho kitu kinapita juu ya vichwa vya watu. Tunasoma ratiba, kama alivyofanya Atu."

Chengula akanung'unika, lakini akakaa. Fundi wa kuchomelea hakufanya mzaha wa somo. Kila mtu akasema lake, ikabaki kreni. Dereva wake anaitwa Shija, Msukuma wa kule Usangu, alikuwa bado Mbeya, basi akapigiwa, simu ikawekwa sauti kubwa juu ya meza. Faraja akasoma: kreni inaanza kazi saa mbili asubuhi.

Kisha Shija: "Saa mbili asubuhi? Ya lini hiyo?"

"Ya kesho."

"Dada, saa mbili asubuhi mimi nitakuwa njiani, Nyololo, nakunywa chai. Mimi nimeambiwa saa nane. Saa nane mchana."

Faraja akaitafuta meseji ya mwenye kreni. Ilikuwa fupi: "Kreni itaanza saa 8." Basi. Haina asubuhi, haina mchana. Watu wa makao makuu ya kampuni wanaotuma ratiba huhesabu kwa saa za Kizungu, ofisi imezoea, na aliyeingiza kwenye programu akaandika nane ya kompyuta, ambayo kwetu ni saa mbili. Mwenye kreni yeye alihesabu kama Mama anavyohesabu. Wote wawili walisema kweli. Kompyuta iliamini, ikasogeza kreni mpaka asubuhi, wakati ambao hakuna ndugu hata mmoja njiani, ikapaka kijani.

Faraja akabadilisha saa. Ndipo lile boksi lako la njano lilipotoka getini, Atu. Lilitembea polepole kufuata ukuta, na mkono wa kreni ukaja juu yake ukiwa na kenchi, na skrini ikawaka nyekundu mbele yetu sote. Nimeona mambo mengi. Nilishika ukingo wa meza.

Nilitoa simu kukupigia. Nilikuwa nimeshafungua jina lako.

Naendelea. Niliangalia ingekuwaje, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Saiti ingeisubiri kreni asubuhi nzima. Ingefika mchana, wakati ndugu wanapita, na Chengula, aliyepoteza nusu siku, angeamuru wanyanyue palepale. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo, bila kuulizwa. Alisema, "Ningenyanyua, dada. Nisikudanganye." Kisha akamgeukia Faraja: "Sasa hao ndugu tunawapitisha wapi?"

Walikubaliana na matroni wa wodi. Siku iliyofuata njia ya ukutani ilifungwa kwa utepe, ndugu wakapitishwa mlango wa nyuma, upande wa kufulia. Walilalamika sana. Mama mmoja mwenye hotpoti kichwani alimwambia mlinzi, "Mnajenga kwa ajili yetu au kwa ajili ya kutuzungusha?" Mlinzi akamwambia, "Vyote, mama." Walipita, wakazungusha kona, wakaingia. Upande wa pili Shija alikuwa anashusha kenchi ya kwanza juu ya ukuta, taratibu kama anaweka yai. Hakuna hata mmoja wao aliyeinua macho. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, naona pande zote mbili, na nilijivuna, mdogo wangu, mpaka nikaona haya, maana sikuwa nimefanya lolote.

Chengula hakuomba radhi. Hana tabia hiyo. Lakini asubuhi iliyofuata, kabla ya kenchi zilizobaki, aliwaita watu mwenyewe, akasimama mbele yao na kizibao chake cha reflekta kilichochanika, akasema, "Haya, somo. Wa kwanza nani? Na mtu asiniambie saa tupu." Fundi wa kuchomelea akaitikia kabla ya wote, "Tumshukuru Mungu." Safari hii Walutheri nao waliitikia.

Makala yangu imetoka. Inasema ujenzi unaendelea vizuri. Ni kweli yote, na jina lako halimo.

Pumzika, Atu. Hapa kazi yako inatembea. Jumamosi napanda basi la Mbeya. Mama bado anawaambia watu kwamba ulikuwa unatengeneza kompyuta, na nimechoka kumsikia akikupunguza bila kujua. Nitakaa naye jikoni na kumweleza kwa Kinyakyusa, kwa maneno yake, mpaka aelewe: kwamba mwanaye alikuwa akiwaona watu mahali ambapo walikuwa bado hawajafika, na akawatengea nafasi ya kupita.

Dada yako,
Tusekile