Katapila Lako Limewaka

Baba Nyamizi, mume wangu,

Huko uliko kaa vizuri kwanza ndipo nikwambie. Katapila lako limewaka. Naam, lile lile uliloliegesha nyuma ya jiko langu hapa Itetemia ukasema ni la wiki moja tu, likakaa juani na mvuani mpaka Nyamizi akazaliwa, akasoma, akaolewa. Limewaka, na kuwaka kwake kumeniletea balaa, kwa sababu nilishaligawa siku ya msiba wako.

Unakumbuka ulivyolileta? Lilikuwa juu ya lori, na wewe umekaa kwenye kiti chake kama vile unaliendesha, unapungia watu mkono. Ulisema utang'oa visiki vya mashamba ya tumbaku ya Tabora nzima. Uling'oa kisiki kimoja, cha baba yangu, likazima. Tangu hapo kila asubuhi ulivaa ovaroli, ukalizunguka, ukapiga teke mnyororo, ukasema, "Kesho linawaka." Mimi nikaanika mihogo juu yake. Kuku wakataga chini ya kiti. Nyuki wakahamia kwenye tangi la dizeli lililokauka, na wewe, Mnyamwezi wa watu, ukakataa katakata wasifukuzwe. Asali yake tuliila ikinuka mafuta, na mgeni mmoja akaniuliza kama nairina kwenye taa ya chemli.

Sasa siku ya msiba. Watu walijaa uani, nami nimekaa mkekani macho makavu, kulia siwezi. Akatokea Kondo, mtani wako wa mtaa wa Ng'ambo. Unamjua Mzaramo yule. Tangu babu zake na babu zetu wapishane na mizigo kwenye njia ya pwani, hajaacha kutudai. Alikuwa amevaa ovaroli lako. Akalizunguka katapila kwa mwendo wako ule wa kuburuta mguu, akapiga teke mnyororo, akajishika kiuno, akasema kwa sauti yako kabisa kwamba kesho linawaka. Ua mzima ukaangua kicheko. Nilicheka nami, nikacheka mpaka kicheko kikageuka, ndipo nikakulilia. Sikuwa nimelia tangu hospitali.

Halafu akapanda juu, akajifunga kamba, akasema jeneza halitoki mpaka apewe urithi wake. Wazee wakampa jogoo, akakataa. Nikainuka mbele ya watu wote nikamwambia, likiwaka ni lako, lichukue. Sikuona hatari yoyote hapo. Ilikuwa kama kumpa mtu mvua ya mwezi wa nane. Akaridhika, akashuka, tukaenda kukuzika.

Baadaye Nyamizi akapiga simu kutoka Mwanza, akasema niuze lile dude kwa watu wa chuma chakavu. Wakaja na nyundo zao. Wa kwanza alipoligonga ubavuni likalia ngoo, nikajikuta nawafukuza kwa mwiko wa ugali mpaka barabarani. Nililichukia katapila lile miaka yote, wewe ni shahidi. Lakini tangu uondoke, pale uani ni lenyewe tu lililokuwa linakungoja pamoja nami. Nikasema kama ni kuondoka, litaondoka kwa nguvu zake.

Nikamwita Fundi Nkwabi wa Igunga, yule anayetengeneza mashine za kukobolea mpunga. Kwanza alicheka. Tukawahamishia nyuki kwenye mzinga, kwa moshi na maneno ya adabu. Minyororo ilikuwa imegandana kwa kutu. Tukailowesha oili chafu, tukaigonga pini baada ya pini, viganja vyangu vikawa kama vyako. Kisha Nkwabi akaingiza mkono kwenye bomba la hewa, akavuta, akavuta tena, akatoa khanga. Khanga yangu, Baba Nyamizi! Ile niliyomsingizia dada yako kuwa kaiiba. Uliziba bomba vumbi lisiingie, ukasahau, halafu ukakaa miaka unaliambia kesho.

Siku lilipowaka lilikohoa moshi mweusi, kuku wakapaa, jirani akatoka bafuni na povu usoni. Nkwabi akaingiza gia. Likarudi nyuma. Akabadilisha, likarudi nyuma. Likarudi hivyo hivyo mpaka likaingia jikoni mwangu, likatokea upande wa pili na sufuria ya maharage juu ya mnyororo. Gia za mbele zimekufa zote.

Habari zikafika Ng'ambo kabla moshi haujatulia. Asubuhi yake Kondo huyo, ovaroli mwilini, kamba begani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema amefuata mali yake. Nilitaka kumwambia ule ulikuwa utani wa msibani, lakini neno nililitoa mwenyewe, wewe ukiwa umelala pale. Nikamwambia apande.

Akawasha, akaingiza gia, likarudi nyuma. Nikamwonyesha kwa kidole Ng'ambo iko upande gani, nikamwambia atafika salama, ila kisogo kitatangulia. Alicheka mpaka akazima injini. Kisha akabaki kwenye kiti chako muda mrefu, akipapasa mkono wa gia. Aliposhuka alivua ovaroli, akalitundika kwenye ule mkono wa gia, pale pale ulipokuwa unalitundika.

"Kesho, mtani," akasema. "Kesho nalichukua."

Kesho hiyo naijua, Baba Nyamizi, nimeolewa nayo. Kila Ijumaa akitoka msikitini anapita, analizunguka, anapiga teke mnyororo, anakunywa chai, anasema kesho. Ananitia wasiwasi siku anayochelewa.

Basi pumzika, mume wangu. Nyuki wako hawajambo, na ovaroli sijalifua. Nimebaki napikia nje, lakini usijali, jiko nitalijenga kesho.

Mkeo,
Mama Nyamizi