Swali la Mume Wangu Linanisubiri Kazini

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu. Mimi ni mshauri wa afya ya uzazi kwenye namba ya simu ya bure, ila siku hizi watu wanaona haya kupiga, wanaandika ujumbe, sisi tunaona namba ya faili tu, jina hatuoni, na wiki tatu zilizopita akaandika fundi wa milango, ana kisukari, akasema tangu mwaka jana mwili haumtii kitandani, kwa hiyo kila siku anasingizia mgongo kisha anageukia ukutani, na mkewe, maskini, anamkanda kwa maji ya moto, na hapo Shangazi nikausoma ujumbe upya, kwa sababu mkandaji huyo ni mimi. Kanuni inasema nimkabidhi kwa mwenzangu, lakini nilijibu, nikajibu tena, maana nyumbani ananiuliza tu chumvi iko wapi, ila kwenye ujumbe ananiita "dada mtaalamu" na kueleza anavyonipenda, na mimi mwaka mzima nilidhani amenichoka, nikamshuku hadi jirani wa watu! Ijumaa akauliza: "Dada, nikimwambia mke wangu ukweli, ataniona bado ni mwanaume?" Sijajibu. Nikijitambulisha atajiona amevuliwa nguo sokoni, nikinyamaza nabaki mchepuko wa mume wangu mwenyewe. Nifanyeje?

Mkandaji

Mkandaji mwanangu, pole sana. Kazi ya mumeo na kiungo anachosingizia nimevibadilisha kabla ya kuchapisha, maana kwa uchungu wako ulinitajia hadi rangi ya geti lenu. Hapa kiungo hicho tutakiita mgongo.

Sasa nikugombeze. Jibu la kwanza lilikuwa mshtuko, nakusamehe. Yaliyofuata yalikuwa utamu wa kupendwa, na yeye alidhani anaongea na mgeni. Jumatatu asubuhi mwone msimamizi wako, sema ukweli, faili lihamie kwa mwenzako. Swali lile usilijibu kwa ujumbe hata neno moja. Siku atakapokusimulia mwenyewe kwamba aliwahi kumwandikia dada fulani, ndipo ukiri ulikuwa wewe, na uombe radhi.

Lakini si yote ulipaswa kuyajulia kazini. Huo mgongo umeukanda mwaka mzima bila kuuliza mbona unauma wakati wa kulala tu. Na wewe mtaalamu! Kweli mganga hajigangi. Uliogopa jibu, kama yeye anavyoliogopa, na hapo hamna mkosaji, mna watu wawili wanaopendana kwa woga.

Basi Jumapili hii, mchana kweupe, zimeni simu. Anza na lako: mwambie ulidhani amekuchoka, na kwamba umemkumbuka. Usimchokonoe. Akifunguka, ndipo umweleze kwamba wengi wenye kisukari hupatwa na hayo, matibabu yapo, na kliniki mtakwenda wote wawili.

Na akianza tena kuulalamikia mgongo, beseni liache jikoni. Mwambie, "Leo sikandi, baba. Nigeukie."