Mke Mwenzangu Apunguza Uzito

Nyumbani, 3 Mei

Kwako mwanangu mpendwa,

Habari za huko, na baridi yenu imepungua? Mimi sijambo, ila goti linanung'unika nikipanda ngazi, na presha imetulia tangu daktari aninyime chumvi. Natumaini barua hii itakukuta umeshakula. Kama hujala, iweke chini ukale kwanza.

Mke mwenzangu naye hajambo. Wiki iliyopita nilimvua turubai. Unajua tangu baba yako atutoke sijamgusa zaidi ya kumpangusa vumbi, maana kinyongo changu naye hakijaisha. Miaka yote ile mwanamume anatoka kazini, anampita mkewe jikoni, anakwenda moja kwa moja gereji kuliuliza gari jekundu limeshindaje! Lakini nilipofungua mlango, harufu ya koti la baba yako ikanipokea, nikakaa mle ndani mpaka chai ikapoa. Basi nikaamua. Mwaka huu nampandisha mlima mimi mwenyewe.

Usishtuke. Nimekuwa mkunga miaka mingi, na gari la zahanati nililiendesha kwenye matope huku mama mjamzito akipiga kelele nyuma yangu. Klabu yao ya mbio za kupanda mlima imenikubali. Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, barabara ile ile ya kwenda kwenye mnara, gari moja moja, kila moja likipimwa kwa saa. Zamani baba yako aliendesha, nami nikakaa kiti cha pembeni nikimsomea kona, ipi ya kulia na ipi ya kushoto. Safari hii usukani ni wangu.

Nataka mambo mawili kwako. La kwanza, wewe ndiye fundi wa magari ya mbio, basi nieleze nifanye nini awe mwepesi na asinizimikie njiani. Betri yake ni nzito kama jiwe, na ikifa lazima niite watu wa kuibeba. La pili, nataka uwepo siku hiyo. Hilo la pili ndilo kubwa.

Na usinipigie simu kuhusu gari. Kwenye simu unasema "ndiyo mama, ndiyo mama" huku unakaza nati. Barua itakulazimisha ufikiri, nami nitaisoma gereji, spana mkononi.

Ni mimi mama yako

*

Karakana, 20 Mei

Kwako mama yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, baridi imepungua, na nilikula kabla ya kusoma, hivyo usiwe na wasiwasi.

Mama, nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikaogopa. Kabla ya wepesi kuna usalama. Mafuta ya breki yamwagwe yote, yawekwe mapya. Pedi za breki zibadilishwe. Matairi yale baba aliyanunua mimi nikiwa shuleni. Yatupe hata kama bado yana meno, maana mpira ukizeeka unakuwa mgumu na kwenye kona haushiki. Hapo hatubishani.

Kuhusu betri, nimekutumia ya lithiamu. Wenye kusafirisha mizigo wamenisumbua kwa maswali lakini itafika. Usiidharau ukiiona. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachoilinda, kikiona mambo hayaendi sawa kinaizima. Chaja yake nimeiweka humo humo kwenye boksi. Ile chaja kubwa ya baba usiiunganishe nayo hata kidogo, ni ya betri za zamani.

Kuhusu mwezi wa tisa, nitajaribu.

Mwanao

*

Nyumbani, 14 Juni

Mwanangu,

Hujambo wewe na wenzako wa karakana? Huku tunaendelea, goti limehama, sasa ni kiuno.

Mzigo umefika. Nilidhani wametuma boksi tupu! Nikaibeba hiyo betri kwa mkono mmoja, nikaipeleka kwenye ile mizani ya kuning'iniza waliyoniachia nilipostaafu, nikaiweka kwenye mfuko wa kupimia watoto. Kilo tatu na robo. Mtoto mchanga mwenye afya kabisa! Ya zamani haikuweza kutundikwa pale. Jirani yetu fundi redio aliipeleka kwenye mizani ya duka la saruji, ikasoma kilo kumi na saba. Nikajiuliza, kitu chenye uzito wa kichanga kitamwamsha vipi yule mvivu? Nikaifunga mwenyewe, bila kuita mwanamume yeyote. Nikazungusha ufunguo. Akanguruma papo hapo mpaka paka wa fundi redio akaruka ukuta.

Nilikaa pale nikicheka peke yangu. Baba yako angeipenda, halafu angejifanya aliijua siku zote.

Breki na matairi tayari. Nimetoa pia zulia, tairi la akiba, na sanduku la vyuma ambavyo baba yako alisema vitahitajika siku moja. Kila kitu nakipima kwenye mizani ya watoto, na fundi redio anaandika ukutani kwa chaki. Usiku betri naifungua naingia nayo ndani, nimeifunika kanga. Usinicheke, ni mazoea ya kazi.

Sasa tuzungumze. "Nitajaribu" ni neno la mtu anayekataa kwa adabu. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema, nakujua.

Mama yako

*

Karakana, 2 Julai

Mama yangu,

Shikamoo, na pole na kiuno. Nimewasomea wenzangu habari za mizani, wamecheka mpaka mkubwa wetu akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Sasa wote wanakuuliza hali.

Betri haihitaji kanga, iache garini. Ila asubuhi ikiwa ya baridi, usikimbilie kuzungusha ufunguo. Washa taa kubwa kama dakika moja, kisha ndipo uwashe injini. Najua utasema nimechanganyikiwa, lakini betri hii ikitumika kidogo inapata joto, na ikipata joto inatoa nguvu zake zote. Mwombe pia fundi redio apime umeme unaotoka kwenye altaneta, ile inayochaji betri, injini ikiwa inazunguka. Ukizidi volti kumi na nne na nusu, hata kidogo tu, niandikie kwanza.

Ekzosi tafuta nyepesi. Na kama unataka kupunguza uzito wa maana, ondoa kile kiti cha pembeni. Ni kilo kumi na nne za bure, hakuna mtu anayekikalia.

Kuhusu siku yenyewe, mama, timu ina mashindano wiki ile ile. Sioni nafasi. Nitakutumia kofia nzuri ya mbio.

Mwanao

*

Nyumbani, 1 Agosti

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima.

Ekzosi imebadilishwa. Umeme umepimwa, uko sawa.

Betri imekufa. Juzi nilikaa ndani ya gari nikasikiliza kanda za baba yako kwenye redio yake, mchana kutwa, injini ikiwa imezimwa. Nilipotaka kuwasha, kimya. Hata taa haikuwaka. Fundi redio akaja na chaja ya baba yako kabla sijamzuia, mshale haukusogea hata kidogo. Kipimo chake kinasoma sifuri.

Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni, kile ambacho hakuna mtu anayekikalia. Nimekikalia tangu hujazaliwa, na wewe pia ulikikalia ukiwa tumboni. Kiti hakitoki.

Mama

*

Karakana, 9 Agosti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa habari ya kiti. Nilikuwa nawaza kilo tu.

Betri haijafa. Imejifunga yenyewe. Redio iliinyonya umeme mpaka mwisho, kile kifaa cha ndani kikaona hatari, kikafunga mlango ili isiharibike. Ndiyo maana kipimo kinasoma sifuri. Na tushukuru mshale haukusogea, maana chaja ya baba ina namna ya kuzishtua betri kuukuu, na huo mshtuko ndio ungeiua kweli. Mwambie fundi redio nampenda lakini akae mbali nayo. Chukua ile chaja ndogo nyeupe, iko chini ya sponji kwenye boksi. Ina kitufe cha kuamsha. Kibonyeze, usubiri, usiwe na haraka.

Mama, nikuambie jambo ambalo kwenye simu siliwezi. Mashindano ya timu ni kweli, lakini mtu wa kushika nafasi yangu yupo. Naogopa geti. Siku ya mazishi lilikuwa wazi na watu wamejaa. Nikija sasa litakuwa limefungwa, nitabisha, na atakayekuja kunifungulia akiimba hovyo huku anafuta mikono kwa kitambaa cha grisi hatakuwa yeye. Kila nikitaka kukata tiketi nalifikiria geti hilo, nashindwa.

Mwanao

*

Nyumbani, 22 Agosti

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Sisi wote wazima, na nikisema wote namjumlisha na yule wa kilo tatu na robo.

Kwenye boksi nilikuwa nimeweka vitunguu. Nikavimwaga, nikanyanyua sponji, chaja hiyo hapo! Mimi nilidhani sponji ndiyo mwisho wa boksi. Nikabonyeza kitufe. Hakuna kitu. Fundi redio akatikisa kichwa kama yuko msibani. Nikamwambia atulie, mimi nimepokea watoto walionyamaza hivyo hivyo, chumba kizima kimekata tamaa, na leo ndio wanaonipita barabarani na pikipiki bila kunisalimia. Nikabonyeza tena, nikangoja. Kitaa kikawaka kijani. Mwanangu, nililia. Nililia kwa ajili ya betri, mbele ya fundi redio, sikuona haya.

Sasa nafanya mazoezi barabara ya machimbo, inapokuwa haina magari. Asubuhi nawasha taa kwanza kama ulivyosema, na kweli anaamka vizuri. Wepesi wake ni mwingine kabisa, pua yake inaingia kwenye kona kabla sijamaliza kufikiri. Tatizo ni msoma kona. Fundi redio amejitolea, lakini kona ikifika anafumba macho, tukishaipita ndipo anatangaza, "Kulia!" Nina mtu anayenisimulia historia.

Kuhusu geti. Miezi ile ya kwanza, mimi mwenye ufunguo nilikuwa nabisha nikirudi sokoni. Nabisha, nasimama, nangoja. Majirani walidhani nimerukwa na akili. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uone nina nguvu. Basi ujue, hofu hiyo huna peke yako. Sikulazimishi. Ila kiti bado kipo, nimekipaka mafuta ya ngozi, kinang'aa.

Mama yako

*

Karakana, 4 Septemba

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka.

Nina swali la kiufundi. Kiti cha pembeni kinahimili mtu wa kilo ngapi? Nimenenepa tangu uliponiona. Nimepanda mizani ya karakana leo: themanini na nane, na hapo nimevua viatu.

Mkubwa wetu amenipa ruhusa. Amesema akisikia fundi redio ndiye aliyekusomea kona atanifukuza kazi. Nitatua Alhamisi kabla ya Jumamosi yenyewe, mchana.

Kona ya tatu baada ya daraja, ile baba aliyokuwa akiiita ya wajinga, bado ina mchanga pembeni?

Mwanao

*

Nyumbani, 12 Septemba

Mwanangu wee,

Hata sijui nianze na salamu gani. Mimi mzima kabisa, goti na kiuno vimesahau kuuma.

Nimesimama mbele ya ule ukuta wa chaki. Nimejumlisha betri, ekzosi, zulia, tairi la akiba na sanduku la vyuma vya baba yako. Kuanzia Mei navua, nabeba, napima, namwaga jasho, na vyote kwa pamoja havifikii hata paja lako na kiuno chako. Kilo zote tulizozitoa unazirudisha kwa kukaa tu, na nyingine juu! Fundi redio alipiga hesabu mara mbili, kisha akaniambia kwa huruma tutakuwa wa mwisho. Nikamwambia aandike kilo themanini na nane katikati ya ukuta, kwa herufi kubwa, na asifute.

Mchanga bado upo kwenye kona ya wajinga. Uniambie mapema.

Alhamisi nakuja kukuchukua mwenyewe uwanja wa ndege, mimi na mke mwenzangu. Begi liwe dogo, buti lake unalijua. Geti nitaliacha wazi tangu asubuhi, na fundi redio ataweka kiti chake hapo asilifunge mtu. Hutabisha. Utapita ukiwa umekaa, mimi nikiendesha.

Barua hii usiijibu.

Ni mimi mama yako