Barua ya Macho ya Nabirye

Jumatatu, 4 Machi 1974. Walukuba, Jinja.
Chai bila sukari. Nimemtungia mke wangu Nabirye uzi kwenye sindano, kama kila asubuhi tangu macho yake yaingie ukungu. Anashona kwa vidole tu. Ananiona mwoga. Mimi? Siku ya kutahiriwa kule Wanale kisu kilipita na sikupepesa jicho.

Uongo. La kushoto lilipepesa. Aliona mmoja tu, Wamono, tuliyetahiriwa naye.

Jumanne, 5 Machi.
Hospitali. Daktari wa macho anakuja Ijumaa, baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye. Karani anataka barua ya chifu wa ninakolipa kodi, ya kuturuhusu kutibiwa hapa Jinja. Zamani chifu yeyote alitosha. Sasa kila jimbo linatibu watu wake, na tiketi yangu ya kodi ni ya Mbale. Ujanja wangu huo. Kule walinikadiria kama maskini, nikalipa kodi ndogo. Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi.

Jumatano, 6 Machi. Mbale.
Basi. Vizuizi vitatu vya askari. Mlima wa Wanale umejifunika wingu. Nikasinzia kwenye benchi la gombolola, ofisi ya chifu, nikaota mlima umepanga foleni mbele yangu, nao hauna barua. Chifu mpya ni mwanajeshi. "Muzee, wewe unakaa Jinja. Nenda Jinja." Ndiyo afande, ndiyo afande. Naogopa. Si yeye ninayemwogopa. Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi.
Nimelala kwa dada yangu, nimerudi gombolola mapema. Chifu akauliza nani ananijua hapa. Akatoka chumba cha nyuma karani mzee, mafaili kifuani. Wamono. Waliokatwa kwa kisu kimoja hawakanani, hilo majimbo hayajalifuta. Lakini shetani yule alijichagulia ushahidi.

"Namjua, afande. Huyu alipepesa jicho la kushoto."

Ofisi nzima ikacheka, na askari wa mlangoni pia. Muhuri ukagonga. Aibu niliyoificha tangu ujana, na nimeifurahia.

Ijumaa, 8 Machi.
Hospitali wamepokea barua. Wamempasua Nabirye macho. Kitambaa cheupe usoni. Sijala.

Jumamosi, 16 Machi. Walukuba.
Kitambaa kimetoka jana. Asubuhi amekaa kizingitini, anatazama kuelekea mtoni. Anasema ukungu ule ni wa mto, si wake. Kisha akanitazama mimi, akasema nimezeeka. 

Kifungo cha shati langu kimeanguka. Nabirye, sindano zako zote nilizitunga mimi. Nitungie hii moja.