Betri za Baba Mdogo na Protoni Iliyotoroka

Katubuka, Jumamosi jioni. Mvua tangu asubuhi, na hata uso sijanawa.

Acha niseme ukweli hapa, maana nyumbani nimeshindwa.

Wiki nzima nimekuwa nikiifuata protoni moja. Nimeiachia kwenye kompyuta, ndani ya uwanja wa sumaku wa Dunia, nami nahesabu njia yake hatua kwa hatua: inazunguka, inakimbilia kaskazini, inageuzwa, inarudi kusini. Ndiyo tasnifu yangu ya uzamili. Jumatatu nikikosa matokeo, nafasi yangu chuoni imekwisha. Nimeshaongezewa muda mara mbili.

Umeme ukikatika hesabu inakufa, kwa hiyo nilimwomba baba mdogo betri za taa zake za kuvulia dagaa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawazifuati taa, wavuvi wanapumzika, na betri zinakaa tu. Alinipa zote nne. "Chukua, mwanangu. Ila giza likirudi nizikute zimejaa."

Giza linarudi leo.

Umeme ulikatika Jumatano na haujarudi, kompyuta inakula betri hizo. Alhamisi jua lilikuwepo. Nilipaswa kuziunganisha na sola. Nikajiambia, saa mbili zaidi tu, protoni inakwenda vizuri. Jana nikajiambia hivyo hivyo. Leo mvua.

Halafu mchana ndipo nikaona. Protoni imekuwa ikiongeza kasi, kidogo kidogo kila mzunguko, mpaka ikachomoka na kutokomea. Haiwezekani. Sumaku peke yake hugeuza njia tu, haiongezi kasi. Kasi ile nimeiongeza mimi, kwa kuweka hatua ndefu mno kwenye hesabu ili nimalize mapema. Haraka haraka haina baraka. Niliwahi kuiandika darasa la tatu kwa mwandiko mzuri kabisa.

Wiki nzima, na hakuna hata namba moja ya kupeleka.

Saa kumi baba mdogo akaingia, koti la plastiki linachuruzika maji. Wenzake watano walikuwa wanamsubiri mwaloni, kwenye mitumbwi. Akajaribu betri ya kwanza: taa ikawaka hafifu, ikazima. Ya pili, vilevile. Zilizobaki hakuzijaribu. Mimi nimekaa palepale, nimeifunga kompyuta kama mwizi.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

Aliuliza tu, "Kazi yako lakini imekamilika?"

"Imekamilika, baba."

Nilimdanganya. Sijui kwa nini. Labda nilitaka angalau mmoja wetu apate kitu leo.

Akatabasamu. "Basi. Dagaa watakuwepo kesho." Akatoka na mvua ile ile, kwenda kuwaambia watu watano warudi nyumbani.

Nimelia mpaka kichwa kinaniuma. Kuanza upya kwa hatua fupi kunahitaji siku nyingi kuliko nilizonazo. Naogopa Jumatatu, na zaidi namwogopa yeye.

Sasa hivi mama mdogo amepiga simu. Baba mdogo amemwambia nimemaliza. Anapiga vigelegele, anataka kunipikia.

Nikasema asante.

Kesho jua litoke lisitoke, nakwenda kwao kabla mama mdogo hajawasha jiko. Nitaweza kufungua mdomo?