Mizigo Haipigi Makofi

Jumatatu, 3 Aprili 2023

Shirika la ndege za abiria limepiga simu. Wananitaka, kuanzia Juni! Kituo changu kitakuwa hapa hapa Bacău: asubuhi napeleka ndege Bologna, jioni nalala kwangu. Smaranda akanirukia shingoni. Maskini mke wangu, tangu tuoane analala na redio, mimi niko angani na masanduku ya dawa na vipuri vya magari. Nikacheka naye. Moyoni, hola.

Mchana kapiga Kapteni Horia, bosi wetu wa ndege za mizigo. Naye ana yake: nafasi ya ukapteni imepatikana, ndege kubwa, ila nihamie nje ya nchi, Leipzig. Jibu anataka Alhamisi Kuu yetu Waorthodoksi, tarehe 13, kabla hajaenda likizo ya Pasaka. Nisimletee habari za kwenda kumuuliza mama, eti. Laiti angejua.

Jumatano, 5 Aprili

Smaranda keshatangaza jengo zima. Bibi Aglaia wa chini kanisimamisha kwenye ngazi, mkononi ana mfuko wa kabichi. Kasikia sasa nitalala nyumbani kama watu. Nikamwambia bado sijaamua.

"Bado nini? Kwani hayo masanduku yatakupikia?"

Mimi nayapenda hayo masanduku. Hayalii, hayaulizi kitu. Horia anatafuna mbegu zake za alizeti, mimi naangalia taa za miji, basi. Lakini nani kaniuliza ninachopenda?

Ijumaa, 7 Aprili

Mama kapiga kutoka Bologna. Anamuuguza mzee mmoja wa Kitaliano, kabla ya huyo alikuwa na bibi mmoja, kabla ya huyo mwingine. Miaka yote hiyo anakuja na kurudi kwa basi dogo la Nelu, siku mbili barabarani, miguu imevimba. Ndege anaiogopa kama kifo.

Leo anasema Smaranda kamweleza yote. "Relu mwanangu, nimeamua. Ukiwa wewe mbele, napanda. Mwingine simpandii."

Nikasema sawa, Mama. Mdomo huu! Ungekatwa tu.

Jumapili, 9 Aprili

Tumetoka kanisani na matawi yetu, tumefika nyumbani tukagombana. Nilimwambia habari ya Leipzig, Smaranda kauliza kama nina mwanamke huko. Ningekuwa naye ingekuwa rahisi kueleza. Nikasema tu kwamba kubeba watu sikutaki. Akasema mimi ni jiwe, akaenda kulala upande wa ukutani.

Basi niandike hapa, hakuna anayesoma. Nilikuwa na miaka tisa. Basi la Nelu lilisimama mbele ya kanisa, wanawake na vitambaa vyao kichwani, watoto tumeshika sketi. Nelu akatupa begi la Mama juu ya paa, akanipa peremende, akawasha gari. Mama alirudi nikiwa na kumi na moja. Yule mtu hajawahi kunikosea, na mpaka leo nikimwona sokoni nabadili njia.

Sasa wanataka niwe Nelu. Nelu aliyevaa tai. Kila asubuhi niwachukue mama za watu, watoto wamebaki kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Siwezi. Na siwezi kumwambia mtu, maana nitaanzaje bila Mama kusikia kwamba namlaumu?

Jumanne, 11 Aprili

Ujumbe wa Horia: Alhamisi, mwisho saa sita mchana.

Nimeamua — Leipzig. Smaranda hajui. Mama yuko njiani na Nelu, anafika Alhamisi mchana. Nitamjibu Horia, ndipo niwakabili Mama na Smaranda mezani. Mungu anisaidie.

Alhamisi, 13 Aprili

Naandika garini, kituo cha mafuta.

Mama kapiga asubuhi: njoo unichukue uwanja wa ndege. Uwanja wa ndege? Kumbe kwa Nelu hakupanda kabisa, alinidanganya. Katokea mlangoni mweupe kama karatasi, kamng'ang'ania mkono mama mmoja asiyemjua. Nikamuuliza uoga kauacha wapi.

Kasema alitaka kujaribu kwanza, siku yangu asije akaniaibisha. "Nikajiambia aliye mbele ni Relu. Mlango wa rubani umefungwa, nani atanibishia? Tulipotua abiria wakapiga makofi. Nikawaambia kuanzia Juni rubani ni mwanangu. Wakapiga tena."

Tukaingia garini. Tukafika barabara kuu. Halafu akaanza kulia.

"Masaa mawili tu, Relu. Masaa mawili! Si ningekuwa nakuja kila mwezi? Ungekuwa unanisahau sura wewe?"

Kumbe alijua. Siku ile aliporudi nilijificha nyuma ya bibi yangu, nikauliza huyu ni nani. Sikuwahi kudhani anakumbuka. Nikaingia hapa nikasema gari linataka mafuta.

Sasa yuko ndani, kwenye foleni ya kahawa. Saa sita kasoro dakika chache. Jibu langu nilikuwa nalo toka juzi, limekamilika, nimelifanyia mazoezi hata bafuni. Sasa silipati. Nikisema Leipzig, safari hii nimemwacha mimi. Nikisema Bologna, kuna mtoto kwenye uzio.

Simu inalia. Horia.

Mama anatoka na vikombe viwili. Mikono imejaa, hawezi kufungua mlango wa gari. Ananiona na simu, ananionyesha kwa kidevu: pokea kwanza, mwanangu, mimi nasubiri.